Choo cha ndani ya gari: kwanza ujue utakimwaga wapi

Msomaji wa Nyegezi, Mwanza, anauliza:

Shikamoo Bibi Afya. Mimi na mume wangu tumenunua Kosta iliyotumika, tumeng'oa viti na kuweka vitanda vinne na jiko dogo la gesi. Tunataka kuikodisha kwa familia zinazokwenda Serengeti kupitia Lamadi, na zinazotaka kuvuka daraja la Kigongo–Busisi kwenda Geita na Chato. Kilichobaki ni choo. Fundi wetu anataka kufunga tanki kubwa chini ya gari, lenye bomba na koki, ili likijaa dereva afungue porini. Ndugu yetu aliyeko Ulaya anasema tununue choo cha kaseti. Tushike lipi?

Jibu:

Marahaba mwanangu. Shauri la fundi likataeni leo, kabla hajachomelea chochote.

Nimefanya kazi ya afya vijiji vya kando ya ziwa hili tangu nikiwa msichana. Nimewapima watoto wa Ukerewe na Sengerema waliovimba matumbo kwa kichocho, mikono na miguu yao imebaki vijiti. Mayai ya kichocho cha tumbo hutoka na kinyesi. Yakifika kwenye maji yasiyo ya chumvi yanaanguliwa, vijidudu vinaingia ndani ya konokono wadogo wanaokaa penye majani na matete, na baada ya wiki kadhaa vinatoka vingi kuliko vilivyoingia, vikipenya ngozi ya yeyote aliyeshuka majini kufua, kuoga au kuvuta nyavu. Dereva akifungua koki kwenye korongo la Magu wakati wa kiangazi, ataona pamekauka na ataondoka na amani yake. Mvua ya kwanza itabeba vyote hadi ziwani. Na maji ya bomba tunayokunywa Mwanza yanavutwa ziwani humohumo, Capri Point na Butimba.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, ulizeni mtamwaga wapi. Marekani kambi nyingi za magari ya kulala zina mahali pa kumwagia: gari linasogea, mpira mnene unaunganishwa, tanki linamiminwa kwenye mfumo wa majitaka. Tanki kubwa lina maana huko. Huku kwetu mkiwa na tanki lililofungwa chini ya gari mtategemea gari la kunyonya majitaka kila mara, na siku lisipopatikana, ile koki itamshawishi hata dereva mwaminifu.

Ndugu yenu kawaelekeza vizuri. Kaseti ni tanki dogo la plastiki lililo chini ya kiti cha choo, kwa kawaida la lita 17 hadi 20, na linachomolewa kupitia kimlango cha pembeni mwa gari. Unalibeba hadi kwenye choo chochote cha kawaida, cha hoteli, cha kambi au cha nyumbani, na unamimina. Likijaa lina uzito wa kilo ishirini hivi, ndiyo maana mengi yana vigurudumu na mshikio. Kama hamtaki kukata bodi la Kosta, kuna choo cha kubeba chenye vipande viwili vinavyobanwa kwa klipu: cha juu kina maji ya kuflashi, cha chini kinapokea uchafu. Ni rahisi zaidi na hakihitaji fundi, ila kifungeni sakafuni kwa mikanda. Barabara ikianza matuta ya bati, kisichofungwa kitatembea.

Jambo moja hamtalisoma kwenye vitabu vya wenye viwanda, kwa sababu wao hupiga hesabu ya karatasi. Sisi tunatawaza kwa maji. Mtu akikojoa, akaflashi nusu lita na kutawaza kwa nusu lita, ameingiza zaidi ya lita moja. Watu wanne wakienda mara nne kila mmoja, kaseti ya lita 18 imejaa kabla hawajalala. Msiwanyime wageni maji! Ondoeni kopo, wekeni chupa ya kubinya yenye mdomo mwembamba, inasafisha vizuri kwa maji kidogo. Na nunueni kaseti ya akiba. Atakayependa karatasi apewe nyepesi inayolowa na kuvunjika upesi. Taulo za kike, nepi za mtoto na zile tishu zenye unyevu ziwe na pipa lake lenye mfuniko.

Harufu mara nyingi inatokea penye mpira wa kizibo kati ya sinki la choo na kaseti. Mpira ukikauka hewa inapita. Usafisheni kwa maji na sabuni laini, kisha upakeni mafuta ya silikoni. Vaselini na mafuta ya kupikia yanauharibu. Kizibo kibaki kimefungwa gari likitembea, na sinki lisiwe na maji, la sivyo breki ya kwanza mtayakuta sakafuni. Halafu msisubiri kaseti ijae kwa joto letu. Mwageni kila siku.

Dawa ya kutia ndani ya kaseti kuzuia harufu ipo ya namna mbili. Zile kali zenye fomalini zinaua bakteria, na bakteria ndio wanaofanya kazi ndani ya shimo la septiki la mwenyeji wenu, kwa hiyo chagueni iliyoandikwa kwamba ni salama kwa septiki. Jik msiitie kabisa. Ikikutana na mkojo inatoa hewa yenye sumu, tena ndani ya chumba kisichozidi kabati.

Mkirudi Mwanza, mwageni kwenye choo cha nyumbani kilichounganishwa na bomba la majitaka au septiki. Ya bomba yanakwenda kwenye mabwawa ya kusafishia ya Butuja, Ilemela. Njiani ombeni ruhusa. Kambi za umma za Seronera, ndani ya hifadhi ya Serengeti, zina vyoo, lakini muulizeni msimamizi kabla ya kumimina, na mkimaliza flashini na mpaoshe pawe kama mlivyopakuta. Mnapomimina, elekezeni mdomo wa kaseti chini ndani ya sinki na mbonyeze kitufe cha hewa, uchafu utoke taratibu bila kurukaruka.

Na hili nawasihi mno: kazi ya kumwaga asipewe mpishi. Mpeni utingo, awe na glavu ndefu, sabuni na ndoo yake isiyoingia jikoni. Safari moja ya kuhara inatosha kuwaharibia biashara, na mtoto wa mgeni anaweza kupoteza maji mwilini mkiwa mbali na zahanati.

Msomaji wa Kisesa anauliza:

Bibi Afya, shikamoo. Gari letu la kambi lina choo kikavu, mkojo kando, kinyesi kinafunikwa kwa maranda. Hakinuki na hatutumii maji. Je, hayo maranda naweza kuyaweka kwenye tuta la mchicha tukirudi?

Jibu:

Marahaba. Choo hicho ni kizuri, na kwa safari ya siku nyingi mbali na maji kinaishinda kaseti, mradi wageni wafundishwe kukaa wote, wanaume kwa wanawake, mkojo usiingie kwenye maranda. Lakini mchicha hapana. Ndoo ya wiki moja haijawa mbolea, na mayai ya minyoo ya mviringo yanavumilia sana. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2006 unataka kinyesi kilichokaushwa kihifadhiwe zaidi ya mwaka mmoja penye joto la nyuzi 20 hadi 35, bila kuongezwa kipya. Tengeni pipa lenye mfuniko, mbali na kisima na mahali kuku wanapochakura, andikeni tarehe mliyolifunga. Mwaka ukipita, kiwekeni kwenye migomba au miembe, mkifukie chini ya udongo.