Kwa mlezi mpya wa VIWAWA: anza na maisha yao

Mlezi mpya wa VIWAWA (Vijana Wakatoliki Wafanyakazi) parokiani kwa kawaida hukabidhiwa daftari la mahudhurio, ufunguo wa ukumbi na orodha ya mada zilizotumwa kutoka jimboni. Mada hizo ni nzuri, lakini ukizigeuza kuwa mihadhara ya kila Jumapili alasiri utabaki na wanakwaya peke yao, huku wale waliopokea Kipaimara juzijuzi wakirudi kanisani siku ya kutangaza ndoa, kama watarudi.

Mizizi ya Vijana Wakatoliki Wafanyakazi iko kwa padre Mbelgiji, Joseph Cardijn, aliyesikitika kuona vijana aliosoma nao wakiingia viwandani na kuliacha Kanisa, akaanzisha utume ambao mwaka 1925 ulipata sura ya chama rasmi. Njia yake ya Ona, Amua, Tenda (kuona maisha yalivyo, kuyapima kwa Injili, kisha kutenda) ilipendekezwa na Papa Yohane XXIII katika waraka wake wa kijamii wa mwaka 1961. Walezi wengi huijua kwa moyo, ila katika mkutano hulipitia Ona kwa dakika chache na kutumia saa nzima kwenye Amua, kwa kuwa hapo ndipo mtu mzima hupata nafasi ya kuhubiri. Nakushauri ufanye kinyume chake.

Katika kikundi chetu vijana wa bodaboda walikuwa hawaonekani Misani, na wengi tulikwisha kuwahukumu kuwa ni wazembe. Tulipowaomba watusimulie Jumapili yao tangu alfajiri, ilibainika kwamba mwenye pikipiki hudai hesabu yake siku zote saba, na kwamba asubuhi hiyo ndiyo yenye abiria wengi, wakiwemo waamini wanaowahi Misa. Kijana humshusha mama mwenye rozari mkononi langoni pa kanisa, kisha hugeuza pikipiki kumfuata mwingine. Baada ya kusikia hayo, maneno ya Yesu kwamba Sabato iliwekwa kwa ajili ya mwanadamu (Mk 2:27) hayakuhitaji maelezo marefu. Wenyewe walipanga zamu kijiweni, wengine wasali Misa ya kwanza na wengine ya pili, na mmoja wao akatumwa kuzungumza na mwenye pikipiki, ambaye kumbe ni mwanajumuiya mwenzetu. Alikubali kupokea nusu ya hesabu siku ya Jumapili. Sidhani kama mada yoyote ya kutoka jimboni ingetufikisha hapo.

Azimio la Tenda liandikwe pamoja na jina la mhusika na tarehe, na mkutano unaofuata uanze kwa kuuliza limefikia wapi. Mwenyekiti wa vijana ndiye aendeshe kikao. Wewe kaa pembeni, hata pale unapoona wanazunguka. Papa Fransisko, katika wosia wake wa kitume wa mwaka 2019 uliofuata Sinodi ya vijana, alisisitiza kwamba vijana wenyewe ndio watendaji wa utume wao, jambo ambalo ni rahisi kulisoma na gumu kulivumilia ukiwa umeshika saa. Wakikuuliza kuhusu Bikira Maria, au kuhusu manabii wanaoahidi miujiza mtaani, na jibu huna, sema utalitafuta. Kisha ulilete kweli.

Kuna siku kijana atabaki nyuma wenzake wakiondoka. Msikilize mahali pa wazi ambapo watu wanawaona, wala msihamishie mazungumzo hayo kwenye simu usiku. Akikuambia kwamba ana mimba au kwamba imani imemwishia, habari hiyo haiendi kwenye kamati, na penye haja ya kitubio mwelekeze kwa padre. Lakini akiwa ni mtoto anayedhulumiwa, usimwahidi siri: paroko ajue, na suala lifikishwe ustawi wa jamii au Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, hata kama mtuhumiwa ni mtu anayeheshimika parokiani.

Limebaki la fedha, ambalo huwafukuza vijana wengi kimyakimya kuliko mashaka ya imani. Kijana asiye na ajira akidaiwa sare, mchango wa hija na mchango wa sherehe ya somo (mtakatifu msimamizi) wa kikundi kwa mwezi mmoja, hatakuja kukueleza kuwa hana, ataacha kuja. Sare iwe ya hiari, na majina ya wanaodaiwa yasisomwe mbele ya wenzao.