Barua kwa Mwanangu: Msalaba wa Bati la Mraba

Mwanangu mpendwa,

Barua yako ilitufikia Ijumaa kwa mkono wa kondakta wa basi, pamoja na dawa za presha za mama yako, na kwa vyote viwili tunashukuru. Hapa nyumbani hatujambo, isipokuwa goti langu, ambalo halipendi tena kupanda ngazi. Umeniuliza jambo moja, tena kwa ufupi kama kawaida yako: nikikuchorea msalaba kwenye bango la duka lako la dawa pale Ngamiani, je, wateja Waislamu watakukwepa? Tangu siku hiyo kila nikishika kalamu kukujibu najikuta ninajibu swali jingine, nalo ni kwamba ukishautundika msalaba barabarani, nani anabaki na haki ya kusema unamaanisha nini? Nivumilie, maana unaujua msimamo wangu, na mmenicheka nao tangu mkiwa wadogo: bango ni mali ya anayelisoma. Aliyelilipia ana bati lake, aliyelichora ana brashi yake, lakini maana huchukuliwa na mpita njia, naye hupita nayo bila kuaga.

Nimechora mabango ya mji huu tangu kabla hujazaliwa, na hakuna hata moja lililonitii. Yule mzee wa nyumba ya kona aliniagiza niandike NYUMBA HII HAIUZWI kwa herufi nyekundu ili kuwafukuza matapeli, na kabla rangi haijakauka madalali walikuwa wamekwisha kumpigia hodi, wakimwuliza kwamba kama hauzi, basi angalau anaanzia bei gani. Fundi wa majeneza aliye karibu na hospitali alitaka msalaba mweupe juu, chini yake BEI MAELEWANO, na mwisho kabisa KARIBU TENA, kwa kuwa ndivyo mabango yote ya jirani zake yalivyomalizika. Nilimsihi aliache hilo la mwisho. Alinijibu kwa utulivu kwamba mteja wake ni ndugu wa marehemu, wala si marehemu mwenyewe, na ndugu hakosi kufiwa tena. Mtu mwenye hesabu ya namna hiyo huwezi kubishana naye. Watu walisimama kucheka, wakasoma hadi bei, naye akauza.

Lakini hayo ni mzaha tu mbele ya bango la kanisa, ambalo ninyi watoto mmelisikia kwa upande wa bibi yenu peke yake, kwa sababu yeye alijua kusimulia na mimi nilikuwa mkwe, na mkwe hamkatizi mama mkwe wake mbele ya watoto. Sasa yeye amelala, Mungu amrehemu, na mimi nina kalamu.

Ilikuwa mwaka mmoja kabla hujaanza shule. Halmashauri ya kanisa iliamua kuweka kibao kwenye barabara kuu ya kwenda Tanga, pale njia ya vumbi inapoingia kanisani, ili wageni wasipotee. Nilichora mfano kwenye karatasi: msalaba wenye mguu mrefu, wa rangi ya udongo, na jina la kanisa chini yake. Wakaupenda sana, kisha wakanikabidhi bati la mraba lililosalia kwenye ukarabati wa paa na nusu kopo ya rangi nyekundu iliyobaki papo hapo, wakisema sadaka haitoshi kununua vingine. Nikawaambia kwamba kwenye mraba mguu mrefu haukai, labda niuchore mdogo kama kijiti. Mzee mmoja akasema msalaba mdogo ni aibu, uchorwe mkubwa ujaze bati. Basi nikalipiga msasa lile bati, nikalipaka nyeupe mara mbili, nikapiga uzi wa chokaa katikati kwa wima na kwa ulalo, na nilipomaliza nilikuwa na msalaba mwekundu wenye mikono minne iliyo sawa juu ya weupe. Jina la kanisa halikupata nafasi. Chini uliwekwa mshale, na maneno ambayo halmashauri ilinipa kwa maandishi, nami karatasi hiyo ninayo mpaka leo: KARIBU WOTE, USIKU NA MCHANA.

Wewe unauza dawa, kwa hiyo huhitaji kuambiwa nilikuwa nimechora nini. Alama ile haikutoka kanisani. Mkataba wa Geneva wa mwaka 1864 ulichagua msalaba mwekundu juu ya weupe, yaani bendera ya Uswisi iliyobadilishwa rangi, uwe ngao ya wauguzi wa askari waliojeruhiwa. Haikuchukua muda kabla msomaji hajawakatalia waandishi maana yao: mwaka 1876 dola ya Waturuki wa Osmania ilitangaza kwamba wauguzi wake watavaa hilali nyekundu, kwa sababu msalaba ungewaudhi askari wake Waislamu, na mwaka 2005 ikaongezwa alama ya tatu, mraba mwekundu uliosimama kwa pembe yake, kwa wasiotaka kusoma dini yoyote katika nguo ya mwuguzi. Waswisi walisema ni bendera, Waturuki wakasema ni msalaba, na wote wawili walikuwa wakitazama kitambaa kilekile.

Wagonjwa walianza kuja wiki ileile. Kwanza kijana aliyembeba mtoto mwenye homa, akamkuta katekista anafagia, akamwomba namba ya foleni. Kisha mzee mwenye kidonda, ambaye alikaa kwenye benchi la nyuma wakati wa ibada ya asubuhi akiamini kwamba yale ni mafundisho ya afya yanayotangulia daktari. Tulicheka, sikatai. Lakini usiku mmoja mtu alifika kwa baiskeli, mkewe akiwa amekaa kwenye keria kwa uchungu wa kujifungua, wakiwa wameufuata ule mshale kutoka barabarani kwa mwanga wa tochi, na mlinzi wa kanisa hakuwa na cha kuwapa ila mkeka. Alikimbia kwetu. Bibi yako na mama yako wakamwamsha mfanyabiashara wa mahindi mwenye pikapu, wakampeleka yule mama kituo cha afya, na alfajiri akajifungua salama mtoto wa kiume. Wewe ulilala usingizi mzito katikati ya makelele yote yale.

Jumapili iliyofuata halmashauri ilikaa, na hapo ndipo panaponichoma. Mwenyekiti alifungua kikao kwa kusema kwamba fundi amekosea alama. Fundi amekosea! Nilikuwa nimekaa pale na karatasi yao mfukoni. Nikaitoa, nikaisoma kwa sauti, nikawakumbusha bati ni la nani na rangi ni ya nani, na jibu nililopata ni kwamba fundi mzuri angeliona mapema, kana kwamba sikuwa nimelisema mapema. Nusu ya ujira wangu haijalipwa hadi leo. Nikasema, vema, kiondolewe, maana kibao kinachompeleka mama mwenye uchungu kwenye mlango usio na mkunga ni kibao cha hatari, na safari nyingine hatutakuwa na pikapu.

Ndipo bibi yako akasimama. Unamkumbuka alivyosimama: kwanza aliikaza kanga kiunoni, kisha akatazama chini, kisha wote wakanyamaza. Akasema: “Mtu yuko gizani na mkewe anaumia, ameona msalaba, akaufuata, akapata watu wa kumsaidia. Mnachotaka kufuta hapo ni kipi?” Akakaa. Hakuna aliyemjibu, na halmashauri ikaahirisha ajenda.

Mwanangu, nimetafuta jibu la maneno hayo miaka yote hii. Wakati mwingine nadhani ninalo: nasema, je, kama wangefuata barabara kuu moja kwa moja, wasingefika kituo cha afya mapema zaidi? Kisha najipinga mwenyewe, maana kwa baiskeli ile, usiku ule, huenda wangeishia njiani, na pikapu waliipata kwa sababu tu waligonga mlango wetu. Tena nikisema bango lilidanganya, namtoa msomaji katika haki yake, nami ndiye niliyempa haki hiyo maisha yangu yote. Kama bango ni mali ya anayelisoma, basi wazee hawakuwa na sababu ya kunilaumu mimi, hilo ni zuri. Lakini hapohapo yule mtu wa baiskeli alisoma sawasawa kabisa, na bibi yako alishinda. Siwezi kuchukua nusu moja nikaiacha nyingine. Yeye alilijua hilo, na kila Krismasi alinikumbusha, akitabasamu huku akinipakulia wali.

Kibao kikabaki, basi, kwa kuwa hakuna aliyeamua. Kilichokuja kukimaliza ni msumari. Bati lilikuwa limepigiliwa kwa pembe mbili za juu, na baada ya mvua za masika msumari wa kulia ukang'oka. Mraba ukining'inia kwa pembe moja hukaa kishazari, na msalaba wenye mikono sawa ukikaa kishazari huwa X. Sasa kumbuka majira yale: barabara kuu ilikuwa inapimwa upya, na nyumba zilizoingia kwenye hifadhi ya barabara zilikuwa zikipigwa X nyekundu ukutani, na BOMOA pembeni yake. Hadi saa nne asubuhi habari ilikuwa imefika sokoni kwamba kanisa linabomolewa. Wanawake walikuja wakilia, wanaume walikuja na nyaraka za kiwanja, na watu ambao hatukuwaona tangu Pasaka walijaza viti vyote Jumapili ile. Padri, ambaye hakuwa mtu wa kupoteza nafasi, alihubiri kwanza, sadaka ikapita, ndipo akatangaza kwamba ulikuwa ni msumari tu. Jioni nilipanda ngazi nikaling'oa lile bati mwenyewe, bila kumwomba mtu ruhusa, na mlinzi alilitumia kuzibia banda la kuku.

Padri huyohuyo ndiye aliyenionyesha katika kitabu chake mchoro uliokwaruzwa ukutani huko Roma, kwenye kilima cha Palatino, ambao ni miongoni mwa picha za kale zaidi za mtu aliyesulubiwa. Unaonyesha mtu mwenye kichwa cha punda msalabani, na mwingine amesimama chini ameinua mkono, na maneno ya Kigiriki yanasema kwamba Alexamenos anamwabudu mungu wake. Aliyechora alikuwa anamdhihaki mwenzake Mkristo. Wakati huo Wakristo wenyewe walipendelea samaki, nanga au njiwa, kwa kuwa msalaba bado ulikuwa chombo cha serikali cha kuulia watu, na nani angeweka kitanzi juu ya mlango wake? Kwa hiyo dhihaka ikatangulia kuliko pambo, na sasa wasomi wanaufurahia ule mchoro kuliko dhahabu nyingi. Wewe mwenyewe uliyaona mambo ya namna hiyo nilipowapeleka Unguja, kwenye kanisa kuu la Mkunazini, ambalo jiwe lake la msingi liliwekwa siku ya Krismasi ya mwaka 1873 mahali palipokuwa soko la watumwa. Ulizigundua zile nguzo karibu na mahali pa ubatizo zilizosimama kichwa chini, na mwongozaji akatusimulia kwamba mafundi walizipindua Askofu Steere, aliyesimamia ujenzi, akiwa safarini, naye aliporudi akaziacha. Uliuliza mbona hakuzigeuza. Pembeni yetu mgeni mmoja alikuwa akimweleza mkewe kwamba ni ishara ya dunia iliyopinduliwa na uhuru wa watumwa, na mkewe alikuwa anaandika.

Haya, duka lako. Kwanza, nyekundu juu ya nyeupe usiiwaze kabisa, maana alama hiyo inalindwa na mikataba ya kimataifa na duka la mtu binafsi haliruhusiwi kuitumia. Ukitaka, ni msalaba wa kijani, kama yanavyofanya maduka ya dawa katika nchi nyingi za Ulaya. Na juu ya wateja Waislamu, sidhani kama hofu yako imesimama penye ukweli. Wazazi wao walizaliwa katika hospitali za misheni zenye msalaba juu ya paa, na ukienda Hospitali Teule hapa Muheza leo utawakuta wodini na kofia zao na mabaibui yao, wakiuliza daktari ameingia saa ngapi. Atakayekusoma vibaya ni yule mtu wa baiskeli. Akiuona msalaba wako saa nane za usiku na mlango umefungwa kwa kufuli, atakuwa amesoma nini, na utamjibu nini asubuhi? Sisemi usiuweke. Wala sisemi uuweke, ingawa ulimi unaniwasha, na ungekuwa umekaa hapa kwenye mkeka ungekwisha kuuona usoni mwangu upande ninaoegemea. Lakini duka ni lako, na ukishaweka, majibu nayo ni yako.

Nitumie vipimo vya nafasi iliyo juu ya mlango, na uniambie kama ukuta umepigwa lipu au ni tofali tupu, nijue misumari ya kununua. Bati la mraba silichori. Likate liwe refu kuliko upana, kwa wima au kwa ulalo, nipe jibu lako, nami nitaandika utakachoniambia, mradi uniandikie kwa karatasi na kuweka sahihi. Mama yako amesoma barua hii kabla sijaifunga, na anasema nikuarifu kwamba nimemsingizia mama yake: kanga hakuikaza, aliitupa begani.

Ni mimi,
Baba yako