Maswali ya Wasomaji: Alumini ya Ndani ya Gari Ing'ae Kama Kioo

SWALI: Ndugu Mhariri, nina Audi TT ya toleo la kwanza, lile lililoanza kutoka mwaka 1998. Pete zinazozunguka matundu ya hewa, pamoja na zile nguzo mbili za kando ya konsoli ya katikati, ni za alumini yenye mistari ya brashi, na sasa zimejaa mikwaruzo. Nimezisugua kwa Brasso, kisha kwa Autosol, mpaka mkono ukachoka, lakini hazibadiliki. Nataka ziwe kama kioo. Nifanyeje?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Ndugu msomaji, dawa zako ni nzuri, ila bado hazijaifikia alumini yenyewe. Bila shaka kitambaa ulichosugulia kilibaki safi. Dawa inapoila alumini tupu, kitambaa huwa cheusi mara moja. Sehemu kama hizi hazitoki kiwandani zikiwa wazi. Hupuliziwa klia, yaani vanishi angavu, au huwekewa anodaizi, yaani utando wa oksidi unaokuzwa juu ya alumini kwa kuizamisha katika tindikali na kupitisha umeme. Utando huo mara nyingi una unene wa maikromita 5 hadi 25 tu, lakini oksidi ya alumini ndiyo ile ile inayotengenezewa msasa, kwa hiyo dawa ya kung'arishia haiwezi kuukata.

Fungua kipande kimoja, ukitoe nje ya gari, na upake rimuva, yaani dawa ya kubandua rangi, kwenye kona isiyoonekana. Utando wake ukivimba na kumenyuka, ni klia, nawe utaimaliza kwa rimuva hiyo hiyo. Usipobadilika, ni anodaizi, na hapo itakubidi utumie kostiki soda, kazi inayotaka glavu ndefu, miwani ya kinga na uwanja wenye hewa. Tia soda kidogo kidogo ndani ya maji baridi, wala usimwage maji juu ya soda, kwa kuwa mchanganyiko huchemka na kuruka. Tumia ndoo ya plastiki. Sufuria ya alumini italiwa yenyewe. Kisha zamisha kipande humo. Mwanzoni mapovu yatakuwa machache, halafu yataibuka uso mzima kwa pamoja, na hiyo ndiyo dalili kwamba utando umekwisha na soda imeanza kula alumini. Kitoe hapo hapo, ukisuuze kwa maji mengi. Mapovu hayo ni hidrojeni, gesi inayowaka, basi sigara na jiko viwe mbali. Kipande kikitoka na weusi weusi usishtuke, utaondoka kwa msasa.

Mng'ao wa kioo huzaliwa kwenye msasa, na wengi huharibu kazi kwa kuukimbilia mwisho. Anza na msasa wa maji namba 400, usugue mpaka mistari yote ya brashi ipotee, kisha 600, 800, 1000, 1500 na 2000. Kila unapobadilisha namba, geuza mwelekeo wa mkono uwe mtambuka na ule wa awali: ukiona bado kuna mikwaruzo ya upande wa zamani, ujue hujamaliza, na usiende mbele, kwa sababu mkwaruzo wa 400 ulioachwa leo utaonekana wazi kabisa ndani ya kioo chako kesho. Badilisha maji pia, maana chembe moja ya msasa mkali wa mwanzo yatosha kukurudisha nyuma. Kwa nguzo bapa funga msasa kwenye kibao. Kwa pete tumia vidole, ukijihadhari usizile kingo.

Baada ya namba 2000, Autosol itafanya kazi hata kwa mkono. Mwenye mota na gurudumu la pamba atumie kwanza dawa ya kung'arishia ya kahawia, kisha nyeupe kwenye gurudumu jingine safi, bila kukandamiza, kwani joto likizidi dawa hugandamana juu ya alumini na kuacha mawingu. Kipande kishikwe chini ya kitovu cha gurudumu, ukingo wake ukielekea kule gurudumu linakokimbilia. Likiudaka ukingo uliowekwa kinyume, hukirusha kipande kama jiwe la kombeo. Vaa barakoa, wala usitumie mashine inayosagia vyuma, kwa kuwa vumbi la alumini likikutana na cheche huwaka.

Kuhusu kinga, mimi ningepaka nta na kuirudia mara kwa mara. Klia haishiki vyema juu ya uso laini kiasi hicho, na anodaizi mpya hupunguza mng'ao kidogo. Ukiiacha tupu, jasho la vidole litaifanya ififie.

Jambo moja zaidi, hata kama hukuliuliza: mistari ya brashi huzuia pia jua lisirudishwe machoni mwa dereva. Ningekuwa wewe, ningezing'arisha nguzo za konsoli na kuziacha pete za dashibodi katika hali yake ya brashi, kwa kuzipitisha tena msasa kwa mwelekeo mmoja tu.

SWALI: Toyota yangu iliyotoka Japani ina urembo wa rangi ya fedha kuzunguka gia. Je, nao unaweza kung'arishwa hivyo?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Huenda hauwezi, kwa kuwa katika magari mengi ya kawaida urembo huo ni plastiki iliyopakwa rangi. Sumaku haitakusaidia kuutambua, maana hainasi alumini wala plastiki. Uguse asubuhi kabla jua halijaingia garini: alumini huwa baridi mkononi kuliko plastiki iliyo kando yake. Ukiufungua na kukuta nyuma yake kumechapwa herufi ABS, ni plastiki, na msasa utakuonyesha weusi wa chini baada ya mikono michache. Huo upeleke kwa fundi wa rangi aupulizie upya.