Mabaki ya mkeneko: yasichomwe yote

Ndugu, umeuliza kama mabaki mazito ya kiwanda cha butanoli (alkoholi ya kaboni 4) yana kazi nyingine zaidi ya kuchomwa kwenye boila. Yanayo, na inauma kuona alkoholi nzuri ikiishia motoni.

Propileni, monoksidi ya kaboni na haidrojeni hutoa aldehidi (kemikali zinazotangulia alkoholi), nazo huongezewa haidrojeni kuwa butanoli. Njiani aldehidi hugandana zenyewe kwa zenyewe na hata na alkoholi, ndiyo maana chini ya mnara wa mkeneko (unaotenganisha vimiminika kwa kuvichemsha) hubaki esta (muungano wa asidi na alkoholi), asetali (muungano wa aldehidi na alkoholi) na molekuli za kaboni 8 na zaidi. Esta ndiyo hazina. Butili butireti, mojawapo ya esta hizo, ikipita juu ya kichocheo cha shaba (kinachoharakisha mmenyuko), kwenye joto la nyuzi 200 za Selsiasi na ushei na haidrojeni yenye shinikizo kubwa, hukatika katikati: kilo 144 zake na kilo 4 za haidrojeni huweza kutoa kilo 148 za butanoli. Hiyo ni hesabu ya karatasini. Mtamboni utapata pungufu. Baadhi ya molekuli za kaboni 8 huwa 2-ethilihexanoli, alkoholi inayotumika kutengeneza vilainishi vya plastiki ya PVC.

Asetali huhitaji maji kidogo ili zivunjike. Etha, kundi jingine lililomo kwenye mabaki, ni sugu, usizitegemee.

Zaidi ya yote, linda kichocheo. Salfa na klorini huiua shaba, na chumvi za sodiamu zilizobaki huziba vinyweleo vyake. Yavukize mabaki kwanza, upeleke mvuke tu. Lami inayobaki ndiyo ya kuchoma.