Blogu Darasani na Nyuso za Watoto wa Watu: Maswali na Majibu

Barua za safari hii zimetoka kwa walimu na wazazi wa Lamu na Malindi, na takriban zote zinahusu blogu na mitandao ya kijamii shuleni. Wale walioniandikia tena kutaka kujua "ni mtandao gani ulio bora", bila ya kusema wanamfundisha nani, somo gani na kwa kusudi gani, nimewaweka kando mpaka watakapouliza swali linalojibika.

Ninafundisha Kiswahili Gredi ya Nane mjini Lamu. Nilifungua blogu ya darasa muhula uliopita, lakini hapana anayeisoma. Nifanyeje ili nipate wasomaji? (Mwalimu, Mkomani)

Nimeipitia blogu yako, Maalim. Nimekuta picha za siku ya michezo, tangazo la mkutano wa wazazi, salamu za Idi na mistari ya hekima iliyonakiliwa kutoka kwingine. Sentensi ya mwanafunzi sikuiona hata moja. Huo ni ubao wa matangazo, na ubao mnao tayari mlangoni pa ofisi.

Faida ya blogu darasani ni kwamba mtoto anamwandikia mtu asiyemjua na asiyelijua jawabu. Insha ya daftarini husomwa na mwalimu peke yake, ambaye anasoma akitafuta makosa, na mtoto anajua hivyo, basi anaandika ili asikosee badala ya kuandika ili aeleweke. Wape kazi ambayo jawabu lake halimo kitabuni. Wapeleke Matondoni, ambako majahazi yanaundwa hadi leo, na kila mmoja aende na swali lake kwa fundi: kalafati hutiwaje, kwa nini pamba hulowekwa mafuta kabla ya kushindiliwa baina ya mbao, foromali ina kazi gani. Wakirudi waandike kwenye karatasi, kisha wabadilishane. Atakayeandika kwamba "foromali ni kitu cha jahazi" aulizwe na mwenzake ni kitu gani na kinakaa wapi, mpaka aandike kwamba ni boriti linalofungwa tanga na kupandishwa mlingotini. Hapo ndipo pa kupiga chapa na kupakia.

Wasomaji utawapata kwa kumtumia kiungo fundi mwenyewe, jamaa zake, na watu wa Amu, yaani Lamu, walioko Mombasa na ng'ambo. Iweke blogu ili maoni yapite kwako kabla ya kuonekana. Blogger na WordPress zote zinaruhusu hivyo. Matusi yazuie, ila nahodha mzee akiandika kwamba mwanafunzi wako amekosea jina la kamba, usiyafute maoni yake. Mrudishe mtoto asahihishe na amshukuru kwa maandishi. Na kabla ya yote hayo, chapisha ukurasa mmoja ulioandika wewe mwenyewe, darasa likuone ukikata maneno na kuyapanga upya. Nawaona walimu wengi wanaotaka watoto waandike hadharani ilhali wao hawajawahi kuthubutu.

Je, ninaweza kuwafungulia wanafunzi wa Gredi ya Tano akaunti za Facebook na TikTok kwa ajili ya kazi za darasani? (Mwalimu, Malindi)

La. Mitandao yote miwili inataka mtumiaji awe ametimiza miaka 13. Mwalimu anayemwelekeza mtoto kudanganya mwaka wake wa kuzaliwa amemfundisha somo lisilokuwamo katika mtaala.

Wazazi wetu hutia saini fomu ya kumwandikisha mtoto, na ndani yake mna sentensi inayosema shule inaweza kutumia picha. Je, hiyo haitoshi? (Mwalimu mkuu, Malindi)

Haitoshi, na nimechoka kulirudia jibu hili. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, katika kifungu cha 33, inakataza kutumia taarifa za mtoto bila ya ridhaa ya mzazi au mlezi. Ridhaa yenyewe iwe ya wazi, ya hiari na mahsusi kwa jambo linalokusudiwa, na mwenye kuitoa ana haki ya kuiondoa wakati wowote. Sentensi iliyofichwa baina ya bei ya sare na kanuni za nywele haifikii kiwango hicho. Mwaka 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza shule moja ya Nairobi faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila ya ridhaa ya wazazi, na hakuna sababu ya kudhani kwamba Pwani ni mbali.

Andika karatasi ya peke yake, kwa Kiswahili, itakayomweleza mzazi picha itawekwa wapi, nani ataiona na itakaa muda gani. Kisha jiulize kama uso unahitajika. Mikono inayochonga, daftari lililofunguliwa, mfano wa jahazi uliotengenezwa kwa mabua: hizo ni picha za kazi, na kazi ndiyo mnayotaka kuionyesha. Picha ya msichana mwenye beji ya shule kifuani, iliyoandikwa jina lake kamili na maneno "leo tuko hapa", inamweleza mtu yeyote wa kumtafuta na pa kumpata. Zima pia kihifadhi mahali katika kamera ya simu, kwani picha huweza kubeba mahali ilipopigwa.

Hukuniuliza hili, lakini nitalisema. Acheni kuchapisha picha za watoto wakipokea viatu na sodo za msaada huku mfadhili akitabasamu kando. Mtoto huyo atakuwa mtu mzima, na picha itakuwa ingalipo.

Kundi la WhatsApp la darasa la mwanangu limejaa biashara za mabuibui na jumbe za "sambaza kwa watu kumi". (Mzazi, Langoni)

Mwambie mwalimu abadilishe mpangilio ili wasimamizi pekee waweze kutuma. Ni kazi ya nusu dakika. Ajue pia kwamba katika kundi la kawaida namba ya kila mama inaonekana na wote waliomo, hivyo ilimpasa aombe ruhusa kabla ya kumwingiza mtu. Na mwalimu anayemwandikia mwanafunzi faraghani usiku, hata kama ni kuhusu hesabu, anyamazishwe mapema: ujumbe upite kwa mzazi.

Kwetu mtandao ni dhaifu, wanafunzi hawaruhusiwi simu shuleni, na shule ina kishikwambi kimoja kinachofanya kazi. Je, tuachane na blogu? (Mwalimu, Kizingitini)

Msiachane nayo. Kazi kubwa hufanyika kwenye karatasi. Anzeni ukutani: bandikeni kurasa za watoto, na chini ya kila moja muache karatasi tupu ya maoni. Anayeandika "kazi nzuri" hajasema kitu; atakiwe kutaja jambo moja alilolifahamu kutokana na ukurasa ule na kuuliza jambo moja ambalo halikuelezwa. Wakishazoea, chagueni ukurasa mmoja kila wiki mbili, upigwe chapa bila ya mtandao, nawe uupakie siku utakayovuka kuja mjini.

Wanafunzi wangu huandika "xaxa" na "cjui" kwenye blogu. Niwaache, kwa kuwa ndiyo lugha ya mtandao? (Mwalimu, Mokowe)

Usiwaache. Lakini mtoto akimnukuu bibi yake aliyesema "yeo", yaani "leo" kwa Kiamu, iache "yeo" ndani ya alama za kunukuu, wala usimsahihishe bibi.

Nimehamishiwa Garsen. Blogu niliifungua mimi, kwa baruapepe yangu. Je, niondoke nayo? (Mwalimu, Faza)

Maandishi ni ya watoto, Mwalimu, na wewe ulikuwa mhariri wao. Kabla ya kufunga mizigo, fungua baruapepe ya shule, uihamishie blogu, na umkabidhi mwalimu mkuu nenosiri ndani ya bahasha iliyofungwa. Wanaomaliza mwaka huu uwapigie chapa kurasa zao, kila mmoja aende nyumbani na zake. Asiyetaka jina lake libaki humo, liondoe kabla hujapanda mashua.