Dawa inayosubiri taa

SWALI: Shikamoo mama mfamasia. Mwanangu ana ualbino, miaka 19, anauza maji ya chupa stendi ya Mbagala Rangi Tatu. Juu ya sikio pametoka magamba, ukigusa ni msasa mtupu; yakibanduka yanarudi. Mpwa wangu anayesoma kemia anasema kuna dawa ya kupaka halafu unamulikwa taa, na sasa inabebwa na kitu kinaitwa dendrima. Nitaipata wapi hapa Dar? Mama Rama, Mbagala.

JIBU: Marahaba, Mama Rama. Mpwa wako hajakudanganya, ila ameruka hatua.

Dawa hiyo, asidi ya aminolevuliniki au kwa kifupi ALA, ikiwa gizani haiui kitu. Inapakwa, inafunikwa kwa muda wa saa tatu hivi, na seli mbovu zinaigeuza kuwa protopofirini. Ikimulikwa taa nyekundu, protopofirini inachokoza oksijeni iliyomo humo humo kwenye seli, na oksijeni hiyo ndiyo inayounguza. Inawasha kweli, asikufiche mtu. Marekani waliiruhusu mwaka 1999 kwa magamba yanayoletwa na jua.

Kazi ipo mlangoni. ALA inapenda maji, ngozi ya juu imejaa mafuta, basi nyingi inaishia nje, hasa gamba likiwa nene. Ndipo watu wakafikiria dendrima: molekuli inayochipua matawi kutoka kiini kimoja, kila tawi likizaa mawili. Ile iitwayo PAMAM, mkemia Donald Tomalia na wenzake waliieleza mwaka 1985. Kizazi chake cha nne kina ncha 64. Mwangalie machinga wa Kariakoo: mikanda mkononi, miwani kifuani, kofia tano kichwani. Ndivyo dawa inavyofungwa kwenye ncha, au kufichwa katikati ya matawi. Kuna waliofunga molekuli 18 za ALA kwenye dendrima moja. Shida, ncha zenye chaji chanya huumiza hata seli zisizo na ugonjwa, kwa hiyo wakemia huzivisha kitu kwanza.

Lakini hayo ni ya maabara, mama. Kwenye kaunta ya famasia hutaikuta.

Mpeleke kijana kliniki ya ngozi wiki hii. Wanaweza kuligandisha gamba kwa naitrojeni, kumpa krimu ya fluorourasili, au kukata kipande kikapimwe kama si saratani. Mimi mwenyewe, zamani nikiwa kaunta, nilimuuzia kijana mwenye ualbino dawa ya fangasi kwa gamba la namna hiyo. Aliporudi lilikuwa kidonda.

Daktari aangalie na nyuma ya sikio, na midomo. Meza ya maji ihamie kivulini kabla ya saa nne asubuhi.