Muulize Mwalimu wa Mawe: "Simu imeniambia jina, nawe unasemaje?"

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni fundi wa kuchonga vyuma hapa Ngamiani, Tanga. Nyumbani tumeshushiwa lori la mawe ya msingi, nikakuta moja lina kiumbe kilichojiviringa, bapa, kimegeuka jiwe. Nimekipima kwa kalipa ya kazini. Kipenyo milimita 92, kitovu (uwazi wa katikati ulio ndani ya mzingo wa mwisho) 44. Kwenye mvunjiko, mzingo wa mwisho una kimo cha 27 na unene wa 25. Upande wa pili wa kitovu kimo ni 21. Katika nusu ya mzingo wa nje, mbavu ni 26 zikianza kitovuni, lakini ukingoni nimehesabu 61, maana zinagawanyika zikishapita katikati ya upande. Kuna pia vijibonde vitatu vinavyokata mbavu. Programu ya simu imesema ni Dactylioceras. Ni kweli? Nikisafishe kwa siki kisha nikipake vanishi? Na je, hawa bado wapo baharini kama samaki wetu silikanti?

JIBU: Marahaba mwanangu. Siki weka mbali leo hii, na ndimu pia. Hilo jiwe ni la chokaa, na kisukuku chenyewe karibu hakika ni chokaa vilevile; asidi haitachagua uchafu ikaacha mbavu. Chukua mswaki mkuukuu, maji na subira. Vanishi nayo isubiri, maana inang'arisha na kuziba ninachotaka ukione.

Kuhusu vipimo, mkono wako umetulia. 44 na 27 na 21 ni 92 kamili, kwa hiyo ulipima kwenye mstari mmoja unaopita kati. Watu wengi hupima kipenyo huku na kitovu kule, wakatuletea hesabu isiyojumlika. Huyo ni amonaiti, ndugu wa mbali wa pweza na ngisi, wala si konokono. Kitovu ni asilimia 48 ya kipenyo, yaani mizingo ya ndani imeachwa wazi, haikufunikwa na ya nje. Unene ukiugawa kwa kimo unapata 0.93: mzingo unakaribia mviringo, umebanwa kidogo tu pembeni. Ongeza mbavu zinazogawanyika juu ya katikati, wastani wa mbili na ushei kwa kila moja, pamoja na vile vijibonde. Hapo mimi nafikiria familia ya Perisphinctidae, ambayo imetapakaa katika mawe ya Jura, kipindi kimojawapo cha enzi ya dinosaria, ya Afrika Mashariki.

Dactylioceras siiamini. Ni wa Jura ya mapema, kiasi cha miaka milioni 180 iliyopita, na sifa zake zimeenea kwa sababu wanaokotwa kwa wingi Whitby, Uingereza. Chokaa ya Amboni ni ya Jura ya kati, yeye alikuwa ameshatoweka kabla haijaundwa. Tena mbavu zake kwa kawaida hugawanyika karibu kabisa na ukingo wa nje, si pale ulipopaona wewe. Programu hulinganisha picha na picha, na picha zilizojaa mtandaoni ni za huko kwao.

Sasa nasema "chokaa ya Amboni" kama vile najua lori lilitoka huko. Sijui, na wewe hukuniambia. Mtafute dereva kabla hajasahau, umuulize alipakia machimbo gani, ukuta upi, mawe ya juu au ya chini. Ukiweza nenda, piga picha ukuta, chukua na kipande cha mwamba uleule. Jina la spishi linasimama juu ya mambo mawili, umbo na tabaka, na la pili ndilo linalopotea kwa urahisi. Amonaiti wa familia moja hufanana sana. Waliotenganishwa na miaka milioni kadhaa wanaweza kuwa na mbavu zilezile.

Kitu kingine: lowesha upande mmoja, zima taa ya juu, mulika tochi kwa kuilaza. Pale ganda lilipobanduka tafuta mistari yenye mipindo mingi kama ukingo wa jani la giligilani. Ndiyo maungio ya kuta za vyumba. Ifuate hadi kwenye mvunjiko. Ikiwa inafika mwisho kabisa, basi chumba alichokaa mnyama mwenyewe hakipo, na katika familia hii hicho huchukua karibu mzingo mzima. Kwa mwendo wa ukuaji unaoonekana kwenye vipimo vyako, mzima angefika milimita 140 au zaidi. Ikiwa mistari inakoma mapema, na ile ya mwisho imesongamana, una mtu mzima mkononi. Hili si dogo. Makowski na Callomon, wataalamu wa visukuku, miaka ya mwanzo ya 1960, ndio walioonyesha kwa nguvu kwamba amonaiti wengi wana maumbo mawili, kubwa na dogo, yanayoelekea kuwa jike na dume, ambayo wanasayansi walikuwa wameyapa majina ya spishi mbalimbali.

Kwa hiyo kwenye kadi yako andika hivi, neno kwa neno ukitaka:

"Perisphinctidae, jenasi na spishi hazijabainika. Kielelezo kimoja, kimevunjika mbele. Kipenyo mm 92, kitovu 44, kimo 27, unene 25. Mizingo iko wazi. Mbavu 26 kwa nusu mzingo, zinagawanyika juu ya katikati ya upande. Za ukingoni 61. Vijibonde vitatu. Machimbo: ……"

Mbavu zikivuka ukingo bila kukatika, liandike. Zikikatika katikati, liandike kwa herufi kubwa, maana hilo linabadilisha mengi. Kuanzisha spishi mpya ni shughuli nyingine: hadi ilinganishwe na maelezo ya zamani, kama ya mtaalamu Dacqué ya 1910 kuhusu Afrika Mashariki na ya mwenzake Zwierzycki ya 1914 kuhusu Tendaguru, kule Lindi, ichapishwe, na kielelezo kihifadhiwe kwenye taasisi, siyo kabatini kwa fundi.

Silikanti ana bahati yake; alidhaniwa ametoweka hadi aliponaswa Afrika Kusini mwaka 1938. Amonaiti waliisha kama miaka milioni 66 iliyopita, pamoja na dinosaria. Aliyebaki ni nautilusi, naye ni wa ukoo mwingine: mrija unaopita vyumbani mwake uko katikati, wa amonaiti umekaa ukingoni. Mvunjiko wako ukiwa safi, huenda ukauona.

Ukishampata dereva, peleka jiwe, kadi na kile kipande cha mwamba idara ya jiolojia, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, au GST, taasisi ya jiolojia ya taifa, Dodoma. Funga kwa gazeti, usifunge kwa pamba. Nyuzi hunasa kwenye mbavu.